Kihenge Kimejaa: Wayahudi Husoma Nini Siku za Mavuno?



Hapa kwetu Ufipa mvua hukatika mwezi wa nne au wa tano. Baada ya hapo ni kuvuna. Mahindi yanavunjwa, ulezi unakatwa, maharage yanapurwa. Ikifika mwezi wa tisa na wa kumi nyasi zimekauka, upepo unavuma, na watu wanaanza kutazama mawingu. Lakini mvua bado. Kazi ya shamba imepungua, kihenge kimejaa. Ndio wakati wa harusi, wa pombe ya ulezi na wa kutembeleana.

Majira hayo hayo Wayahudi wana sikukuu yao kubwa ya mavuno. Wao huiita Sukoti. Katika Biblia ya Kiswahili inaitwa Sikukuu ya Vibanda.

Mama mmoja wa kikundi cha kusoma alituuliza hivi: "Mwalimu, nimesoma kitabu cha Mhubiri mpaka mwisho. Maneno yake ni ya huzuni tupu. Kila kitu ni bure, kila mtu atakufa. Halafu nasikia eti Wayahudi hukisoma siku zao za furaha ya mavuno. Mbona wanajiharibia sherehe?"

Tulicheka pamoja naye. Lakini swali lake si la kuchekwa. Basi leo tujibu swali hilo.

Kwanza tuseme jambo moja. Gazeti si mimbari. Hatumwiti mtu aingie dini hii wala aiache ile. Wasomaji wetu wengi ni Wakristo, wengine ni Waislamu, na wapo wanaofuata mila za mababu. Majina ya Musa na Suleimani yanajulikana kwa wengi wetu. Tunachotaka ni kuelewa.

SIKUKUU YENYEWE

Sukoti huanza siku ya 15 ya mwezi wa saba wa kalenda ya Biblia. Kalenda hiyo hufuata mwezi wa angani, kwa hiyo kwetu sikukuu huangukia Septemba au Oktoba. Hudumu siku saba. Baada yake hufuata siku ya nane, nayo ni sikukuu.

Huko Israeli mvua hunyesha majira ya baridi, kuanzia mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Ngano na shayiri huvunwa mapema. Zabibu na matunda mengine huja baadaye. Kwa hiyo Sukoti ni sikukuu ya kumaliza kukusanya. Kila kitu kimekwisha ingia ndani.

Sasa angalia ajabu yake. Mtu amejaza ghala, nyumba yake ni imara, halafu sheria inamwambia: toka nje. Jenga kibanda. Paa lake liwe la matawi au majani tu, si bati wala vigae. Kivuli kiwe kingi kuliko jua, na ni vizuri nyota zionekane usiku kati ya majani. Kaa humo siku saba. Kula humo, na ukiweza ulale humo.

Kwetu kibanda si kitu kigeni. Wakulima wanaolima mbali na kijiji, na hasa wale wa mpunga huko bonde la Rukwa, wanajua maisha ya kibanda na dungu. Unalinda ndege mchana, unalinda nguruwe usiku. Baridi inapita, upepo unapita. Ukiwa kibandani unajua kwamba wewe ni mtu mdogo.

Hicho ndicho wanachotaka Wayahudi wakikumbuke. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 23, kinaeleza sababu: wazee wao walikaa katika vibanda walipotoka utumwani Misri. Basi kila mwaka, wakati wa kushiba, tajiri na maskini wote hukaa chini ya majani. Ghala linasema, "Wewe umefika." Kibanda kinajibu, "Kumbuka ulikotoka."

SIKU YA KWANZA: PEMBE YA SHAMBA

Siku ya kwanza ya sikukuu husomwa hiyo sura ya 23 ya Mambo ya Walawi. Ni orodha ya sikukuu zote za mwaka. Inataja Sabato, Pasaka, sikukuu ya majuma, na kadhalika.

Lakini katikati ya orodha hiyo imeingia sheria ambayo si ya sikukuu. Iko mstari wa 22. Inasema kwamba mtu akivuna shamba lake asivune mpaka pembeni kabisa. Wala asirudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na ya mgeni.

Kwa nini sheria ya shamba imewekwa katikati ya orodha ya sikukuu? Maana yake ni wazi. Sikukuu ya mavuno bila fungu la maskini haijatimia. Huwezi kuimba na kucheza huku jirani yako anatazama moshi wa jiko lako.

Walimu wa kale wa Kiyahudi waliuliza: pembe hiyo iwe kubwa kiasi gani? Jibu lao limeandikwa katika Mishna, kitabu cha sheria kilichokusanywa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo. Walisema isipungue sehemu moja katika 60. Tufanye hesabu. Mwenye mistari 60 ya mahindi anaacha mstari 1. Mwenye mistari 120 anaacha 2. Mwenye 300 anaacha 5. Na kama maskini ni wengi, aongeze.

Angalia tena jambo la pili. Mwenye shamba haiti watu mbele ya nyumba yake wapange foleni. Anaacha mazao yakiwa yamesimama shambani. Mjane huja mwenyewe na kikapu chake, anavuna kwa mikono yake, anarudi nyumbani. Hakuomba. Hakupigiwa makofi. Amefanya kazi kama watu wengine. Sheria inalisha tumbo lake na kulinda heshima yake.

Wasomaji wengi wanakijua kitabu cha Ruthu. Wayahudi hukisoma katika sikukuu nyingine ya mavuno, ile ya ngano, inayokuja mapema zaidi katika mwaka. Ruthu alikuwa mjane, tena mgeni kutoka nchi ya Moabu. Alikwenda kuokota masazo katika shamba la Boazi. Mwisho wake alikuwa mke wa Boazi, na mfalme Daudi alitoka katika ukoo wake. Yote yalianza na masuke machache yaliyoachwa shambani.

Habari ya mgeni hatuisomi kwa mbali. Mkoa wetu wa Rukwa ulipoanzishwa mwaka 1974, Mpanda ilikuwa ndani yake. Tangu mwaka 2012 Mpanda iko katika Mkoa wa Katavi. Huko Katumba na Mishamo walipokewa maelfu ya watu wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walipewa ardhi, wakafyeka pori, wakalima. Watoto na wajukuu wakazaliwa. Baada ya miaka mingi, zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na mwaka 2014 ugawaji wa vyeti vyao ulianza. Mtu aliyefika akiwa mgeni mwenye njaa alikuwa mkulima anayelisha wengine. Ndiyo habari ya Ruthu hiyo.

"UBATILI" MAANA YAKE NINI?

Sasa tuje kwenye swali la yule mama. Katika jumuiya nyingi za Kiyahudi, kitabu cha Mhubiri husomwa siku ya Sabato inayoangukia ndani ya Sukoti. Kwa desturi wanasema aliyekiandika ni mfalme Suleimani, mwana wa Daudi. Alikuwa na mali, majumba, mashamba ya mizabibu na watumishi. Halafu anasema kwamba yote ni ubatili.

Neno hili "ubatili" linawashinda wengi. Wanafikiri maana yake ni kitu kibaya au kitu cha uongo. Lakini neno la Kiebrania lililotumika ni "heveli". Maana yake ya kwanza ni pumzi, au mvuke.

Fikiri asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba hapa Sumbawanga, wakati wa baridi kali. Unafungua mlango, unapumua, unaona mvuke mweupe mbele ya kinywa chako. Hesabu: moja, mbili, tatu. Haupo. Je, mvuke ule ulikuwa uongo? Hapana, ulikuwepo. Je, ulikuwa mbaya? Hapana, ndiyo pumzi yako, ndiyo uhai. Lakini huwezi kuukamata mkononi. Huwezi kuutia katika gunia na kuufunga kamba.

Hayo ndiyo maneno ya Mhubiri. Hasemi mali ni mbaya. Anasema haishikiki. Katika sura ya 2 analalamika kwamba mtu hujitesa kwa kazi, halafu akifa mali inarithiwa na mwingine ambaye hakutoka jasho. Nani ajuaye kama mrithi atakuwa na akili au mjinga? Mzee yeyote wa kijiji ameona jambo hilo. Baba anakusanya ng'ombe miaka 30. Vijana wanawamaliza katika misimu 2.

Basi, Mhubiri anatuambia tukate tamaa? Hapana. Mara nyingi katika kitabu hicho anarudia shauri moja: kula, kunywa, na kufurahia kazi ya mikono yako ni zawadi ya Mungu. Kwa sababu mvuke hauwekwi akiba, ufurahie ungalipo, pamoja na wale ulio nao. Katika sura ya 4 anasema wawili ni bora kuliko mmoja, maana mmoja akianguka mwenzake atamwinua.

Na katika sura ya 11 anasema maneno ambayo ni ya mkulima hasa. Anasema mtu anayetazama upepo kila siku hatapanda, na anayetazama mawingu hatavuna. Mnamjua mtu huyo. Kila mwaka anasema, "Ngoja kwanza tuone mvua." Wenzake wanapalilia, yeye bado anatazama juu.

Katika sura hiyo hiyo anasema tuwagawie watu saba, naam, hata wanane, kwa kuwa hatujui baya gani litatokea duniani. Walimu wa Kiyahudi waliona katika hesabu hiyo ishara ya siku saba za Sukoti na siku ya nane inayofuata. Wako wanaosema ndiyo sababu kitabu hiki kilipangiwa sikukuu hii.

Angalieni hoja yake vizuri. Sisi huwa tunasema: "Sijui kesho itakuwaje, kwa hiyo acha nijiwekee peke yangu." Mhubiri anageuza: "Hujui kesho itakuwaje, kwa hiyo gawa." Leo wewe umevuna na jirani yako ameshindwa. Mwaka ujao viwavi wanaweza kuingia shambani kwako wakaruka la kwake. Chakula ulichompa jirani mwaka huu ni akiba isiyoliwa na panya.

Basi mama yetu apate jibu lake. Kitabu hiki hakisomwi kuharibu sherehe. Kinasomwa wakati huu kwa sababu ndio wakati mwenye shibe anahitaji kukisikia. Mwenye njaa hahitaji kuambiwa kwamba maisha ni mvuke. Yeye anajua. Anayesahau ni yule ambaye kihenge chake kimejaa.

MAFAHALI SABINI

Kila siku ya sikukuu husomwa pia sehemu ya kitabu cha Hesabu, sura ya 29. Humo yamo maagizo ya sadaka zilizotolewa hekaluni Yerusalemu zamani. Siku ya kwanza walitoa mafahali 13, ya pili 12, ya tatu 11, ikashuka hivyo mpaka siku ya saba, mafahali 7. Chukua kalamu ujumlishe: 13 na 12 na 11 na 10 na 9 na 8 na 7. Jibu ni 70.

Kwa nini 70? Katika mapokeo ya Kiyahudi mataifa ya dunia yalihesabiwa kuwa 70. Walimu wao walisema mafahali hao walitolewa kwa ajili ya mataifa yote, si kwa ajili ya Wayahudi peke yao. Yaani siku ya kushiba mtu awaombee hata watu asiowajua.

Hekalu hilo lilibomolewa na Warumi mwaka 70 baada ya Kristo. Tangu hapo hakuna fahali anayechinjwa. Kilichobaki ni kusoma. Jengo liliungua, lakini maneno yaliyoandikwa hayakuungua. Wasomaji wetu walioanza kushika kalamu wakiwa watu wazima wataelewa uzito wa jambo hilo.

MAOMBI YA MVUA

Siku ya kwanza husomwa pia kitabu cha nabii Zekaria, sura ya 14. Humo mna habari ya mataifa kukusanyika Yerusalemu kwa Sikukuu ya Vibanda, na ya mvua kunyimwa wale wasiokuja. Mvua ni jambo kubwa katika sikukuu hii. Zamani, hekalu lilipokuwapo, makuhani walichota maji katika birika la Siloamu wakayamimina madhabahuni. Wasomaji Wakristo wakifungua Injili ya Yohana, sura ya 7, watamwona Yesu akisimama siku ya mwisho ya sikukuu hiyo hiyo na kuwaita wenye kiu waje wanywe. Ukijua desturi ya maji, unaelewa kwa nini alisema hivyo siku ile.

Lakini maombi rasmi ya mvua hayaanzi siku ya kwanza. Hungoja siku ya nane. Sababu ni rahisi: watu wako kibandani! Mvua ikinyesha, chakula chote kinaloa. Katika Mishna walifananisha jambo hilo na mtumishi aliyemletea bwana wake kikombe cha kinywaji, na bwana akammwagia usoni. Basi wakae kwanza katika vibanda, wamalize furaha yao, halafu ndipo waombe mvua kwa nguvu. Mkulima wa Ufipa anayetazama mawingu mwezi wa kumi hatahitaji maelezo zaidi.

KILA MTU ASIKIE

Sasa tunafika mahali panapotugusa sisi wa elimu ya watu wazima.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 31, kina agizo la Musa. Kila baada ya miaka saba, mwisho wa mwaka wa kuachilia madeni, watu wote wakusanyike katika Sikukuu ya Vibanda. Wasomewe torati masikioni mwao. Nani wakusanyike? Wanaume, wanawake, watoto, na mgeni aliye ndani ya malango yao. Hakuachwa mtu. Hakikutajwa cheo. Hakuna aliyesema, "Hili si la wanawake," au "Mtoto ataelewa nini?"

Na kitabu cha Nehemia, sura ya 8, kinaeleza jinsi jambo la namna hiyo lilivyofanyika, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Watu walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni Babeli. Wengi hawakuijua sheria yao. Siku ya kwanza ya mwezi wa saba walikusanyika uwanjani. Ezra mwandishi akasimama juu ya jukwaa la mti ili aonekane. Akasoma tangu alfajiri mpaka adhuhuri.

Lakini hakusoma tu. Walikuwapo wasaidizi waliopita kati ya watu wakieleza maana, mpaka watu wakaelewa. Hilo lilikuwa darasa kubwa la watu wazima. Kusikia sauti haikutosha. Ilitakiwa maana.

Watu walipoelewa walilia. Pengine waliona wamekosa mengi. Viongozi wakawaambia wasilie. Waende wakale vizuri na kunywa, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Kesho yake walikuta imeandikwa habari ya vibanda. Wakaenda mlimani kukata matawi, wakajenga vibanda juu ya dari zao na katika nyua zao, na kila siku ya sikukuu wakasomewa.

Tazama mpango wake: walisoma, wakaelewa, wakagawana. Kusoma kulikoishia kwenye sauti kusingewafaa kitu. Kusoma kwao kuliishia kwenye sahani ya jirani.

JIRANI ZETU WA UGANDA

Msomaji anaweza kusema, "Hayo ni ya mbali." Si ya mbali sana. Nairobi imekuwa na sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Na karibu na Mbale, mashariki ya Uganda, wako Waafrika wakulima wanaofuata dini ya Kiyahudi. Wanaitwa Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana ya Wayahudi.

Habari yao ilianza kwa kusoma. Semei Kakungulu alikuwa mkuu wa vita wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitawala sehemu ya mashariki ya Uganda. Alipewa Biblia ya Kiganda na wamisionari. Akaisoma mwenyewe. Aliposoma vitabu vya Musa akauliza: kama haya yameandikwa, mbona hatuyafuati? Mwaka 1919 yeye na watu wake wakaanza kufuata sheria za Musa. Mwaka 1920 alifika kwao mgeni mmoja Myahudi aliyeitwa Yosefu, akawafundisha mengi juu ya kalenda na sikukuu. Kakungulu alikufa mwaka 1928, lakini jumuiya ikaendelea.

Idi Amin alipochukua serikali mwaka 1971 ibada yao ilipigwa marufuku. Wengi wakaacha. Wachache wakaendelea kwa siri. Fikirini Sukoti wakati kama huo. Sala unaweza kuinong'oneza. Kitabu unaweza kukificha chini ya kitanda. Lakini kibanda utakificha wapi? Kinasimama nje, jirani anakiona. Vita vya Kagera vilipomwondoa Amin mwaka 1979, waliobaki wakatoka tena hadharani. Mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alimaliza masomo Marekani akawa rabi, yaani mwalimu wa dini. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Uganda.

Katika ibada yao hutumia Kiebrania, na hutumia pia Kiganda ili watu waelewe. Ni kama wale wasaidizi wa Ezra.

MWISHO NDIO MWANZO

Tumalizie na somo la mwisho. Wayahudi husoma vitabu vitano vya Musa kidogo kidogo, kila Sabato sehemu yake, kwa mwaka mzima. Humaliza sikukuu hii inapokwisha. Siku hiyo huitwa furaha ya torati. Watu hubeba vitabu vya ngozi vilivyoandikwa kwa mkono, wakaimba na kucheza navyo.

Husoma sura ya mwisho, habari ya kifo cha Musa. Je, hufunga kitabu wakaenda nyumbani? Hapana. Siku hiyo hiyo hufungua sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, habari ya kuumbwa mbingu na nchi, wakaanza upya. Mzee wa miaka 80 anaanza tena pamoja na mtoto wa miaka 8.

Wasomaji wetu, wako watu waliopata cheti cha kisomo wakasema, "Basi, nimemaliza." Wakaweka daftari darini. Baada ya miaka michache hata barua ya mtoto inawashinda. Shamba lisilolimwa hurudi pori. Na kusoma ni vivyo hivyo.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Kila mmoja ana dini yake na desturi yake. Lakini akili ya mavuno ni ya wote. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, hesabu kabla ya kuuza. Wakati wa mavuno wanunuzi ni wengi na bei ni ndogo. Tuseme nyumba yenu inakula gunia 1 kwa mwezi. Mpaka mavuno mengine ni magunia 12. Ongeza mbegu. Andika katika daftari, baba na mama mkiwa pamoja. Kinachozidi ndicho cha kuuza.

Pili, katika hesabu hiyo andika pia fungu la jirani. Usingoje mwezi wa pili, mvua inanyesha na mtoto wa mjane analia, ndipo utafute la kumpa. Wakati huo hata wewe utaona chako ni kidogo. Fungu la jirani hupangwa siku kihenge kimejaa.

Tatu, someni kwa sauti. Jioni za mwezi wa tisa na wa kumi kazi si nyingi. Kaeni pamoja, mmoja asome, wengine wasikilize, wasioelewa waulize. Waiteni na wale ambao hawajajifunza kusoma. Mwiteni na mgeni aliyehamia kijijini juzi.

MANENO MAGUMU

Masazo: mazao yaliyobaki shambani baada ya kuvuna.
Ubatili: jambo lisilodumu, katika Mhubiri, kitu kipitacho kama mvuke.
Torati: vitabu vitano vya Musa.
Uhamisho: kutolewa kwa nguvu katika nchi yako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini Wayahudi hukaa kibandani wakati ghala limejaa?
2. Shamba lako lina mistari 240. Kwa hesabu ya moja katika 60, utaacha mistari mingapi?
3. Katika kijiji chenu, mjane asiye na shamba anapata chakula namna gani? Je, njia hiyo inalinda heshima yake?
4. Mhubiri anasema: hujui kesho, kwa hiyo gawa. Wengine husema: hujui kesho, kwa hiyo usigawe. Ninyi mnaonaje?